Chumvi inakausha samaki, mbona inamrudishia mtoto maji?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi Pangani, na kazi yetu mimi na mume wangu ni kununua samaki mnadani na kutengeneza ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Mwezi uliopita mwanangu wa mwaka mmoja na nusu aliharisha siku tatu. Zahanati wakanipa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuyeyusha kwenye maji, na vidonge vya zinki, wakasisitiza nisimpe maji matupu peke yake. Nikatii, mtoto akapona, lakini tangu siku hiyo kuna jambo linanikereketa. Mimi chumvi naijua. Ukimtia samaki chumvi, maji yote yanamtoka. Sasa chumvi hiyohiyo inawezaje kumrudishia mtoto maji? Na kama inaweza, mbona mvuvi akiishiwa maji baharini anakatazwa kunywa ya bahari? Kijana wa jirani, yuko kidato cha pili, ameniambia jibu ni osmosisi, na kwamba hata vidole vyangu kukunjamana nikiosha samaki ni osmosisi hiyohiyo. Nilipomwomba anifafanulie akasema ndivyo walivyoandikiwa ubaoni.

Jibu: Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguliwa. Nimefundisha fiziolojia kwa wanafunzi wa uuguzi miaka mingi, na swali lako sikuwahi kulipata darasani hata mara moja, ingawa kila mwaka niliandika neno osmosisi ubaoni na kila mwaka waliliandika kwenye madaftari yao. Usimcheke sana huyo kijana.

Jibu la mwenye haraka ni hili. Chumvi ya ng'onda unaiweka nje ya seli za samaki, na seli hazikubali iingie, kwa hiyo maji yanatoka ndani kuifuata. Chumvi ya ORS inashikwa mkono na sukari, inavushwa mpaka ndani ya ukuta wa utumbo wa mtoto, na maji yanaifuata hukohuko ilikoingia. Maji yanafanya kitu kilekile mara zote mbili. Kilichobadilika ni upande ambao chumvi ipo.

Sasa, kama una sufuria jikoni ipunguzie moto, maana nataka kukueleza kwa nini.

Kwanza kuna mtawanyiko, ambao vitabu vya shule huuita difyusheni. Weka ua moja kavu la rozela kwenye glasi ya maji baridi yaliyotulia, usikoroge. Wekundu unaanza karibu na ua, kisha unaenea pole pole, na ukiiacha glasi hiyo muda mrefu wa kutosha, maji yote yatakuwa na rangi moja. Hakuna kilichousukuma wekundu ule wala kilichouvuta. Molekuli, yaani chembe ndogo mno, za maji na za rangi hazitulii hata nukta moja. Zinagongana na kurukaruka kila upande bila mpango. Mwaga vifaranga mia kwenye kona moja ya ua wa nyumba. Hakuna aliyewaambia waende kona ya pili, kila kifaranga anazurura anavyojua, lakini ukirudi baadaye utawakuta wametapakaa ua mzima, kwa sababu tu pale walipojazana kulikuwa na wengi wa kuondoka na kwingineko hapakuwa na wengi wa kurudi. Mwaka 1827 Mskoti Robert Brown aliona kwa hadubini chembe ndogo zilizotoka kwenye chavua zikicheza ndani ya maji bila kukoma. Ilibidi kungoja mpaka 1905, Albert Einstein alipoonyesha kwa hesabu kwamba kinachozichezesha ni molekuli za maji zinazozigonga huku na huku.

Walimu wengi hapa hutumia mfano wa udi: unafukiza chumba cha ndani, harufu inafika barazani. Mimi siupendi. Harufu ile inabebwa zaidi na upepo na hewa moto ya chetezo kuliko mtawanyiko wenyewe. Mtawanyiko ukiachwa peke yake ni mwepesi ajabu kwa safari fupi na mzembe kabisa kwa safari ndefu, na hili ndilo jambo ambalo ubao wa kidato cha pili hausemi. Chukua molekuli ndogo ndani ya maji. Kuvuka umbali wa sehemu moja ya mia ya milimita, ambao ndio ukubwa wa seli ya kawaida, inachukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kuvuka milimita 1 inachukua kama dakika 8. Sentimita 1, zaidi ya nusu siku. Mita 1, zaidi ya miaka 10. Umbali ukizidi mara kumi, muda unazidi mara mia. Ndiyo maana mwili una moyo na mishipa: damu inabeba oksijeni safari ndefu kutoka mapafuni hadi unyayoni, kisha kipande kidogo cha mwisho, kutoka kwenye mshipa mwembamba kama unywele hadi ndani ya seli, kinaachiwa mtawanyiko. Seli iliyo mbali na mshipa hufa.

Na kabla ya kuingia ndani kuna mlango wa kupita.

Kila seli imefunikwa na utando. Ni mwembamba kiasi kwamba ukipanga tando 10,000 moja juu ya nyingine, unene wake unakaribia ule wa unywele mmoja wa kichwani. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, waliyatoa mafuta yote ya seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji yawe tabaka moja, wakapima eneo lake. Yalitosha kuzifunika seli zile mara mbili. Wakasema basi utando ni tabaka mbili za mafuta zilizogeukiana migongo, na mpaka leo picha hiyo ndiyo tunayoitumia, japo tumeongeza protini nyingi zilizochomekwa ndani yake kama milango na madirisha.

Wewe unayepika mchuzi unajua mafuta na maji havipatani. Kwa hiyo vitu vinavyopatana na mafuta, kama oksijeni na hewa ya kaboni tunayoitoa, vinapita kwenye utando kana kwamba haupo. Chumvi ni habari nyingine. Ikiingia kwenye maji haibaki chumvi. Inaachana vipande viwili, sodiamu na kloridi, kila kimoja kina chaji ya umeme na kimezungukwa na molekuli za maji zilizokikumbatia. Kipande kama hicho hakiwezi kulivua koti lake la maji ili kipenye kwenye mafuta. Kinagonga na kurudi, kinagonga na kurudi. Sukari nayo ni kubwa mno na inapenda maji mno, haipiti bila mlango wake.

Maji yenyewe ni madogo, hujipenyeza kidogo kidogo hata kwenye mafuta. Lakini seli nyingi zina vichirizi maalumu vya protini vinavyopitisha maji tu, viitwavyo akwaporini. Mmarekani Peter Agre ndiye aliyethibitisha kazi ya kichirizi hicho mwaka 1992, baada ya kuikuta protini yake kwenye seli nyekundu za damu alipokuwa akitafuta kitu kingine kabisa, na mwaka 2003 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kichirizi kimoja kinaweza kupitisha molekuli za maji karibu bilioni 3 kwa sekunde moja, na sodiamu haipiti hata moja.

Hapo sasa ndipo osmosisi inapozaliwa. Una utando unaoruhusu maji na kuzuia chumvi. Upande mmoja maji yenye chumvi kali, upande wa pili maji yenye chumvi kidogo. Molekuli za maji zinagonga utando kutoka pande zote mbili, lakini upande wa chumvi kali nafasi nyingine zimeshikwa na sodiamu na kloridi, na maji mengine yameshughulika kuzikumbatia, hivyo yanayovuka kutoka huko ni machache. Yanayovuka kutoka upande wa pili ni mengi. Ukitoa haya kwa yale, maji yanahamia kwenye chumvi. Kwa hiyo unaposema chumvi imeyavuta maji, lugha hiyo inafaa sokoni na hata mimi naitumia, lakini chumvi haina kamba. Ni mtawanyiko uleule wa vifaranga, safari hii wa maji, kupitia mlango unaochagua wa kupita.

Padri mmoja wa Ufaransa, Jean-Antoine Nollet, aliliona jambo hili mwaka 1748 bila kulitafuta. Alikuwa amefunga mdomo wa chupa yenye pombe kali kwa kibofu cha nguruwe, akaitumbukiza majini. Baada ya saa kadhaa kibofu kilikuwa kimetuna kama ngoma iliyowambwa kupita kiasi. Alipokichoma kwa sindano, kimiminika kikaruka juu. Maji yalikuwa yameingia kwenye pombe kupitia kibofu, na pombe haikuweza kutoka kwa kasi hiyo.

Wewe huhitaji kibofu. Kata nyanya na vitunguu vya kachumbari, tia chumvi, nenda kasali, urudi: bakuli lina maji ambayo hukuyatia. Yametoka ndani ya seli za nyanya. Na mama anayeuza mchicha sokoni, anayenyunyizia mafungu yake maji kila baada ya muda, anafanya kinyume chake: maji matupu yako nje, ndani ya seli za mchicha kuna chumvichumvi na sukari, maji yanaingia, majani yaliyolegea yanasimama. Ukinunua mchicha wake jua kwamba sehemu ya uzito ni osmosisi.

Ng'onda wako ni kachumbari ya nyama. Ila kuna hatua ya pili ambayo mikono yako inaijua. Siku ya kwanza maji yanatoka kwa wingi, pipa linajaa. Kisha seli zinakufa na tando zake zinaharibika, haziwezi tena kuchagua, na chumvi inaanza kuingia pole pole mpaka kwenye mfupa. Hiyo ya pili si osmosisi tena, ni mtawanyiko mtupu, na ni wa polepole kwa sababu ile niliyokueleza ya umbali. Ndiyo sababu samaki mnene lazima apasuliwe na kuchanjwa kabla ya kutiwa chumvi. Asipochanjwa, bakteria wa katikati wanamaliza kazi yao kabla chumvi haijafika. Ikifika, nao yanawapata yaliyompata samaki: maji yanawatoka, hawawezi kuzaliana.

Kwa kuwa umetaja ng'onda, sitajizuia kusema habari ya papa. Umeshajiuliza kwa nini papa mkavu ananuka vile, harufu ya kuchoma pua ambayo nguru hana? Samaki kama nguru damu yake ina chumvi kama theluthi tu ya ile ya bahari, kwa hiyo maisha yake yote bahari inamnyonya maji, naye hana budi kunywa maji ya bahari na kuitema chumvi kwa matamvua. Papa kachagua njia nyingine. Amejaza damu na nyama yake yurea, taka ileile ambayo sisi tunaitoa kwenye mkojo, mpaka jumla ya vitu vilivyoyeyuka ndani yake inalingana na bahari au kuizidi kidogo. Maji hayana sababu ya kumtoka. Akishavuliwa, bakteria wanaivunja yurea ile kuwa amonia, na hiyo ndiyo harufu iliyoko jikoni mwako. Mchuzi wa papa ni mtamu, ila unanuka osmosisi.

Nimesema "jumla ya vitu vilivyoyeyuka" kwa makusudi. Osmosisi haipimi uzito, inahesabu vichwa. Gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwenye lita moja ya maji zinatoa vipande vingi kidogo kuliko gramu 13.5 za glukosi, kwa sababu molekuli ya sukari ni nzito na inahesabika moja, ilhali chumvi ni nyepesi na inaachana mbili. Namba hizo mbili sikuziokota njiani. Ni kipimo cha pakiti ya ORS, na tutazirudia.

Maabara nilikuwa nawaonyesha wanafunzi mirija mitatu. Kila mmoja unatiwa tone la damu. Wa kwanza una maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, ambayo ndiyo yale ya dripu: damu inabaki na ukungu wake, seli ziko salama. Wa pili una maji yaliyotoneshwa, hayana kitu: baada ya muda mfupi ukungu unapotea, mrija unang'aa kama juisi ya rozela iliyochujwa. Seli zimekunywa maji mpaka zikapasuka. Wa tatu una chumvi kali: ukitazama kwa hadubini, seli zimenywea kama zabibu kavu. Baada ya hapo sikuhitaji kuwaambia mara mbili kwamba maji matupu hayaingizwi kwenye mshipa wa mgonjwa kamwe.

Sasa turudi kwa mwanao.

Kila siku, lita 9 hivi za maji hupita kwenye utumbo wa mtu mzima. Kama 2 ni za kunywa na chakula. Zilizobaki ni mate, maji ya tumbo, nyongo na mengineyo ambayo mwili wenyewe umeyamwaga humo. Karibu yote yanarudi mwilini, na choo kinatoka na chini ya robo lita. Utumbo hauna pampu ya maji. Hakuna kiumbe anayejulikana kuwa na pampu ya kusukuma molekuli za maji moja moja. Kinachosukumwa ni chumvi. Seli za ukuta wa utumbo zina pampu upande wa damu inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2, usiku na mchana, kwa kuchoma nguvu ya chakula. Mdenmaki Jens Skou aliielezea pampu hiyo mwaka 1957. Kwa kuwa inaitoa sodiamu kila mara, ndani ya seli sodiamu inabaki chache, na sodiamu iliyo kwenye utumbo inatamani kuingia. Ikipata mlango inaingia, inasukumwa mpaka upande wa damu, na maji yanaifuata kwa osmosisi.

Kuharisha ni pale hesabu hiyo inapogeuzwa. Mfano mkali kuliko yote ni kipindupindu. Sumu ya bakteria wake inafungua milango ya kloridi kwenye seli za utumbo na kuiacha wazi. Kloridi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, na maji yanazifuata zote mbili. Mgonjwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Angalia: hapo hakuna tundu lililotoboka. Ni osmosisi ileile inayofanya kazi vizuri kabisa, ila chumvi imewekwa upande usiofaa, kama wewe unavyoiweka kwenye nguru.

Na milango ya kawaida ya kuingizia chumvi nayo inalegea, kwa hiyo ukimpa mgonjwa maji ya chumvi tupu, mengi yanapitiliza. Zamani matumaini yalikuwa dripu peke yake, na mahali pasipo na dripu watu walikufa.

Mwaka 1960 Robert Crane, Mmarekani, alisimama kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Prague akaeleza kwamba sukari haiingii kwenye seli za utumbo peke yake. Ina mlango unaofunguka pale tu glukosi na sodiamu zinapofika pamoja. Mmoja akikosekana, mlango haufunguki. Na bahati ya wanadamu ni kwamba mlango huu sumu ya kipindupindu haiugusi. Utumbo unaomwaga maji kwa mlango mmoja bado unaweza kuyaingiza kwa mwingine, mradi uipeleke chumvi ikiwa imeandamana na sukari.

Ndiyo kazi ya sukari kwenye ORS. Wengi hudhani imewekwa ili mtoto akubali ladha, au ampe nguvu. Sukari ni ufunguo wa chumvi, na chumvi ni mwaliko wa maji.

Kutoka mkutano ule hadi mdomoni mwa wagonjwa haikuwa mbali. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walionyesha mjini Dhaka kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinywa maji ya chumvi na glukosi, mahitaji yao ya dripu yanapungua sana. Kisha 1971 ikaja vita ya Bangladesh, mamilioni wakakimbilia India, kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zilipokwisha katika kambi ya Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawa ndio wanaochota na kunywesha kwa vikombe. Vifo vilikuwa vimefika kama 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa wagonjwa wake vilishuka chini ya 4. Hakuna mashine iliyohusika hapo.

Kipimo cha ORS kimebadilishwa mara moja kwa kiasi kikubwa, na sababu ya mabadiliko hayo ni somo zuri la osmosisi kuliko yote. Pakiti za zamani zilikuwa na vichwa 311, kwa kipimo wanachotumia wataalamu kwa kila lita. Damu ina kama 285 hadi 295. Yaani maji yale yalikuwa mazito kidogo kuliko damu, na katika utumbo wa mtoto yangeweza kutoa maji kidogo kabla ya kuingiza. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishusha mpaka 245: chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, na nyongeza ya chumvi za potasiamu na sitreti. Sasa maji ni mepesi kuliko damu, yanaingia yenyewe hata kabla sukari haijamaliza kazi. Watoto waliohitaji kuongezewa dripu walipungua kwa kama theluthi, na kutapika kukapungua pia.

Ukishaelewa hilo, unaweza kujibu mwenyewe karibu kila swali la kikombe.

Soda je? Soda nyingi zina sukari zaidi ya gramu 100 kwa lita na sodiamu karibu hakuna. Ufunguo umejaa mfuko mzima lakini aliyetakiwa kuandamana nao hayupo. Sukari inabaki utumboni, ni nzito kuliko damu, maji yanatoka mwilini kuifuata. Mtoto anaharisha zaidi. Juisi ya dukani ni vivyo hivyo. Na ukizidisha sukari au chumvi kwenye ORS kwa kutia maji pungufu, umeigeuza kuwa hiyo hiyo, au kuwa pipa la ng'onda. Katika miaka yangu wodini kosa hili ndilo nililoliona kuliko jingine lolote: pakiti ya lita nzima inatiwa kwenye kikombe kimoja ili "iwe na nguvu". Siku moja niliwahi kulifanya mimi mwenyewe, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na aliyenigundua ni bibi wa mgonjwa aliyeyaonja akakunja uso.

Maji matupu je? Si sumu, na mtoto anayeharisha akinywa maji safi kando ya ORS hakuna ubaya. Lakini akipewa hayo tu, chumvi anayoipoteza hairudi. Maji yanaizidi sodiamu kwenye damu, kisha yanaingia ndani ya seli za ubongo kama yalivyoingia kwenye mrija wangu wa pili. Ubongo umefungiwa kwenye fuvu, hauna pa kuvimbia. Hapo ndipo degedege linapoweza kutokea kwa mtoto ambaye mama yake alidhani anamnywesha vizuri.

Uji mwepesi au maji ya mchele yaliyotiwa chumvi kidogo? Hapa bibi zetu walikuwa na akili kuliko tulivyowahesabia. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, na kwa osmosisi mnyororo mzima unahesabika kichwa kimoja. Kwa hiyo uji si mzito kwa maji. Ukifika kwenye ukuta wa utumbo unakatwakatwa kuwa glukosi palepale mlangoni, na mlango unaimeza kabla haijalimbikizana. Zipo ORS za unga wa mchele zilizotengenezwa kwa hesabu hiyo, na kwa wagonjwa wa kipindupindu zinapunguza choo kuliko za glukosi.

Na mvuvi wako. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita, karibu mara nne ya ile ya dripu. Akinywa, kwanza utumbo unapoteza maji kwenda kwenye chumvi hiyo, na huenda akaharisha palepale. Ile inayoingia kwenye damu inayatoa maji ndani ya seli zake zote, ubongo ukiwemo, ndiyo maana kiu inazidi na akili inavurugika. Figo zitajaribu kuitoa, lakini figo ya binadamu haiwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kali kama bahari. Ili kuitoa chumvi ya lita moja aliyokunywa, atakojoa zaidi ya lita moja. Kila kikombe kinamwacha na deni. Nguru analilipa deni hilo kwa matamvua, sisi hatukupewa. Mti wa mchu ulioko mlangoni mwa mto Pangani nao unalipa kwa njia yake: unaitoa chumvi kwenye majani. Siku ya jua kali ling'oe jani lake ulirambe, utaikuta.

Upande wa vitendo, kwa siku nyingine. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, lita moja au nusu, na utumie chombo unachokijua ujazo wake. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, kila anapoharisha. Kwa kijiko, taratibu, na akitapika ungoje dakika 10 uanze tena polepole zaidi. Mchanganyiko uliopitisha saa 24 umwagwe. Kunyonya kusikatishwe, na zinki imalizwe siku zake zote hata kama choo kimeshakuwa kigumu. Pakiti zikikosekana kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimefutwa juu viwe sawa na ukingo. Ionje. Isizidi chumvi ya machozi. Lakini macho yakibonyea, mtoto akilegea au akashindwa kunywa, choo kikawa na damu, au akitapika kila kitu, usikae nyumbani na kijiko. Mpeleke kituoni huku ukiendelea kumnywesha njiani.

Limebaki la vidole. Hapo kijana wa jirani ameteleza, na walimu wake wengi wameteleza naye. Kama kukunjamana kungekuwa ni maji kuingia kwenye ngozi tu, mkono uliokufa ganzi ungekunjamana sawasawa na mwingine. Haukunjamani. Tangu miaka ya 1930 madaktari waliona kwamba kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umekatika hubaki laini hata kikilowekwa majini. Ni mishipa ya fahamu inayoiamuru mishipa ya damu ya ncha za vidole ijibane, nyama ya ndani inapungua, ngozi ya juu inabaki pana kuliko inachofunika, inajikunja. Watafiti wengine wanasema mikunjo hiyo husaidia kushika vitu vinavyoteleza. Wewe unayeshika nguru mbichi tangu alfajiri unaweza kuwaambia kama ni kweli.